Kaole au Mji Mkongwe? Siku moja Bagamoyo ukiwa na watoto wadogo

Likizo ya Juni ikikaribia, simu yangu haitulii. Ndugu wa Dar es Salaam wanajua nimeolewa Bagamoyo, basi swali ni lile lile: "Wifi, Jumamosi tunakuja na watoto. Tuwapeleke wapi, Kaole au Mji Mkongwe?" Kabla sijajibu huwa nauliza kwanza: aliye mdogo kuliko wote ana miaka mingapi? Jibu langu lote linatoka hapo, na safari hii nimeona niliandike badala ya kulirudia kwenye simu kila mwaka.

Kwa mwenye haraka: mtoto wa chini ya miaka saba mpeleke Kaole. Wa miaka minane na kuendelea mpeleke Mji Mkongwe, tena umpe nafasi ya kutosha. Ukiwa na wa rika zote mbili kwenye gari moja, soma hadi mwisho, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Mimi nilikosea hapo hapo, na wanangu ndio walioumia.

Ni sehemu mbili za namna gani

Kaole iko kilomita kama tano kusini mwa mji wa Bagamoyo, karibu na mikoko. Ni magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo 30, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe wa pale unatajwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya zamani kabisa upande huu wa bara. Zamani vyombo vya baharini vilitia nanga hapo. Baadaye mikoko na matope vikaziba bandari, biashara ikahama, na watu nao wakaifuata. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbuzi katika magofu hayo, na vigae na vyombo vya kale unaweza kuviona kwenye makumbusho madogo ya hapo hapo. Ukiondoa watunzaji na wageni wenzako, pametulia. Utasikia ndege na upepo.

Mji Mkongwe wenyewe bado unaishi. Watu wanafua, wanapika, wanauza maandazi kwenye baraza za nyumba zenye milango ya nakshi, na mlemle ndani ndimo yalimo majengo ya historia: Ngome Kongwe iliyojengwa mwaka 1860, Karavanserai ambako misafara ya kutoka bara ilipumzika, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, forodha ya zamani, Mtaa wa India na soko la samaki ufukweni. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kuna jengo lenye habari yake.

Jambo moja waambie watoto kabla hamjatoka nyumbani. Watoto wa siku hizi wamelelewa na katuni. Wakisikia "mji wa kale" wanangoja ukuta mrefu, lango kubwa na minara. Kaole hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna kuta za msikiti zilizobaki nusu na makaburi yenye nguzo. Anayetaka ukuta mnene, vyumba vya giza na ngazi ya kupanda juu ya dari, jengo la karibu zaidi na ndoto yake ni Ngome Kongwe. Mtoto wa wifi yangu alifika Kaole akauliza, "Mfalme yuko wapi?" Akasononeka nusu saa nzima, na kosa lilikuwa letu sisi wakubwa ambao hatukumweleza anakwenda kuona nini.

Miguu, jua na tumbo

Kwa miguu midogo Kaole inashinda bila ubishi. Eneo lote mnalizunguka kwa saa moja, hakuna gari linalopita katikati yake, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kutangulia mbele yako hatua 20 bila moyo kukudunda. Mji Mkongwe lazima umshike mkono muda wote: bodaboda zinakata kona, mitaa mingine ina mashimo, na pale juu ya Ngome simwachii mtoto wangu kwa sekunde moja. Kigari cha kusukuma mtoto kiache nyumbani kote kuwili, magurudumu yatanasa mchangani. Mbeleko inatosha, na kama baba yupo, mabega yake yanatosha zaidi.

Kwa jua ni kinyume. Kaole kuna miti, lakini makaburi mengi yako peupe, na ikifika saa tano mawe yanarudisha joto usoni. Nenda saa mbili asubuhi, ondoka saa nne. Mji Mkongwe una vivuli vya kuta na baraza za kukalia, na mtoto akichoka hukosi mama wa kumpa maji na kiti. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ni mizuri kwa sehemu zote mbili. Masika, yaani Machi hadi Mei, usihangaike. Udongo unateleza, na watoto watakumbuka matope tu.

Kuhusu chakula, Kaole beba chako. Mimi huchukua vitumbua, ndizi, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha, tena nawapitisha watoto chooni kabla ya kuondoka mjini. Mji Mkongwe hamtalala njaa. Kuna samaki wa kukaanga, mihogo, chipsi, madafu. Soko la samaki peke yake lingetosha kuwa safari kwa mtoto wa miaka mitano, ila viatu viwe vya kufunika vidole kwa ajili ya magamba na mafuta ya moto.

Usafiri hautofautiani sana. Kutoka Dar ni kilomita zisizofika 80, daladala zipo siku nzima, na ukishuka Bagamoyo unaingia Mji Mkongwe kwa miguu. Kwenda Kaole chukua bajaji na mpatane bei ya kwenda na kurudi kabisa, dereva awasubiri. Bodaboda yenye mama na watoto wawili nimeiona, na sitaki kuiona tena. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo kuliko kwa mgeni wa nje, kwa hiyo bei isikuamulie.

Mtoto ataondoka na habari gani moyoni

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu miguu ikichoka hulala ikapona, lakini alichosikia mtoto hakitoki.

Kaole ni mahali pa habari ambazo mtoto mdogo anaweza kuzibeba. Kuna mbuyu mkubwa ambao kwa masimulizi ya pale una zaidi ya miaka 500, na waongozaji husema anayeuzunguka huongezewa miaka ya kuishi. Wanangu waliuzunguka mpaka nikapata kizunguzungu mimi niliyekuwa nawatazama. Nilikuwa na pakiti ya ubuyu mkobani, ule mwekundu wa kumung'unya, nikampa yule mdogo wa miaka minne nikamwambia unatoka kwenye mti kama huu. Alitazama mti, akatazama vidole vyake vilivyokuwa vimeshalowa rangi, akatema kokwa kiganjani na kuiweka chini ya shina, akasema anairudisha nyumbani.

Kuna kisima ambacho inasimuliwa hakikauki. Kuna kaburi la mume na mke ambao masimulizi yanasema walizama baharini pamoja. Kuna mabaki ya ngazi ya msikiti, ambako unaweza kumwonyesha mtoto mahali mwadhini alipopandia kuadhini kabla vipaza sauti havijakuwapo. Na kuna makaburi ya nguzo. Zamani nguzo hizo zilipachikwa bakuli za kutoka Uchina, na sasa limebaki tundu la mviringo palipokuwa na bakuli. Mwanangu huyo mdogo alinyoosha kidole akauliza, "Mama, hapa walikuwa wanaweka wali?" Mzee aliyekuwa akituongoza hakucheka. Alichuchumaa akawa naye sawa kwa urefu.

"Hapana, mjukuu wangu. Hiyo ni bakuli ya kumpamba marehemu. Ilivuka bahari mpaka hapa."

"Haikuvunjika?"

"Haikuvunjika. Waliifunga vizuri."

Mwaka mzima baada ya hapo, kila akitumwa kupeleka bakuli jikoni, anaishika kwa mikono miwili.

Kifo kipo Kaole, hilo usilikwepe, ni makaburini. Lakini ni kifo kilichotulia, cha mababu waliozikwa kwa heshima na watu wao. Kuna kaburi la Sharifa ambako hadi leo watu huenda kuomba dua na kuacha sadaka. Waambie watoto wapunguze sauti hapo, wasipande juu ya kaburi lolote na wasiokote vigae. Mavazi yawe ya heshima. Wasalimuni watunzaji kwanza, watoto waanze na shikamoo. Mzee akishaitika marahaba, anasimulia kwa moyo tofauti kabisa.

Mji Mkongwe unabeba habari nzito. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000 za kutembea kwa miguu, na njia hiyo ya pembe za ndovu na watumwa iko tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya maeneo ambayo Tanzania imependekeza kwa UNESCO yawe Urithi wa Dunia. Huwezi kuwa mwongozaji mwaminifu pale ukaruka utumwa. Wala hupaswi. Swali ni masikio ya nani yanasikiliza.

Mara yangu ya kwanza niliwachukua wote wawili, wa miaka minne na wa miaka tisa, nikawaacha wasikie kila kitu: minyororo, vyumba vya giza, watu kupakiwa majahazini kwenda Unguja. Sikumwambia anayesimulia apunguze, wala sikumpeleka mdogo nje. Yule mkubwa aliniuliza, "Mama, hao watu walifanya kosa gani?" Nilibabaika. Nikasema tutaongea nyumbani. Mdogo hakuuliza chochote, ila usiku ule alikataa mlango wa chumba usifungwe, na akaendelea kukataa kwa wiki mbili. Bibi yao ndiye aliyelala naye mpaka hofu ikamtoka.

Tangu hapo naandaa. Na mtoto wa miaka minane au tisa naanza nyumbani, siku moja kabla, kwa wapagazi. Jina lenyewe la Bagamoyo lina maelezo mawili: wapo wanaosema ni bwaga moyo ya mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo, na wapo wanaosema ni ya mtumwa aliyejua hatarudi, akauacha moyo wake bara. Namwambia yote mawili, kwa mpangilio huo. Kisha namwita jikoni kwenye kiroba cha sembe cha kilo 25, namwambia akinyanyue. Binti yangu alikikumbatia, akakiburuta hatua tatu, akakiachia. Nikamwambia mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, wiki baada ya wiki, na akifika hapa ndipo analala. Alipoingia ua wa Karavanserai kesho yake, alikwenda moja kwa moja katikati akakaa chini. "Walikuwa wanakaa hapa?" Hakuhitaji mtu wa kumweleza zaidi.

Baada ya hapo ndipo naleta utumwa, kwa maneno machache yasiyopindishwa: watu waliibwa makwao wakauzwa, hawakuwa na kosa lolote, na waliowauza na kuwanunua walikuwa watu wazima waliojua wanachokifanya. Mtoto wa miaka tisa analielewa hilo. Anakasirika, na anayo haki ya kukasirika. Namwambia pia kwamba mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, maana mtoto anahitaji kujua kwamba jambo baya linaweza kukomeshwa. Mahali walipokuwa wananyongewa watu enzi za Wajerumani napapita bila kusimama, hata nikiwa na huyo mkubwa. Atarudi mwenyewe akiwa sekondari.

Kwa hiyo nikisema Mji Mkongwe si wa mtoto wa miaka minne, sisemi hauna cha kumfurahisha. Mpitishe Mtaa wa India ahesabu milango ya nakshi, mpeleke ufukweni aone majahazi na mnada wa samaki, mnunulie dafu, mrudi. Ndani ya Karavanserai na Ngome subiri akue.

Ukiwa na wakubwa na wadogo pamoja

Siku ile ya makosa yangu tulianza Mji Mkongwe asubuhi, tukafika Kaole saa saba mchana. Ratiba ilionekana nzuri kwenye karatasi. Kufika kule, mdogo alikuwa amelala mbelekoni na hakuona hata kaburi moja, mkubwa alikuwa ameshiba majengo, mimi nilikuwa natafuta kivuli. Tulilipa kiingilio tukakaa chini ya mbuyu mpaka bajaji ikarudi.

Sasa napanga hivi. Wote tunaanza Kaole saa mbili, tunamaliza saa nne, tunakula, wadogo wanalala kwa bibi au popote penye kivuli na mkeka. Saa tisa alasiri mtu mzima mmoja anamchukua mkubwa peke yake kwenda Karavanserai na Ngome. Hiyo saa moja na nusu ya mama na binti bila mdogo wa kukatiza ndiyo anayoniulizia hadi leo. Ukiwa mtu mzima pekee, usijigawe. Chagua Kaole, na Mji Mkongwe uwekee safari nyingine.

Kama watoto wote wamevuka miaka minane, geuza mambo: Mji Mkongwe asubuhi mpaka mchana, Kaole muiache au muipitie saa kumi jua likiwa limelegea. Watoto wa umri huo wakiletwa Kaole peke yake huona wamemaliza haraka, isipokuwa yule anayependa kuchora au kuokota maneno ya wazee.

Na Misheni ya Wakatoliki je? Wifi huniuliza hilo kila mara. Iko kaskazini kidogo ya mji, ina njia yenye miembe mikubwa pembeni, na kama mnaye bibi ambaye magoti yanamsumbua, huko ndiko kwa kumkalisha. Misheni ilianzishwa mwaka 1868 na ilipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mtoto aliyeshajaribu kunyanyua kiroba cha sembe atataka kujua zaidi habari za Chuma na Susi kuliko za Livingstone, na mimi namuunga mkono.

Kuna mbuyu hapo Misheni wenye mnyororo uliomezwa na shina, kimebaki kipande kifupi tu nje. Kama mnatoka Karavanserai, usimwache mtoto akiona mwenyewe bila neno. Binti yangu alikiona, akarudi nyuma akanishika nguo. Inasimuliwa kwamba mnyororo huo ulikuwa wa kumfungia punda. Mwambieni hivyo mkiwa bado njiani, chini ya miembe, kabla hajaufikia mti.